Mlinganyo Usiotengemaa: Jinsi Kompyuta Inavyosaidiwa Kutatua Integrali za Aina ya Kwanza

Mtaalamu wa jiofizikia anayepima mvutano wa ardhi kwenye sakafu ya Bonde la Ufa habebi chombo kinachoona chini ya miamba. Gravimita yake hupima jambo moja tu, yaani ukubwa wa mvutano mahali pale ilipowekwa, na huupima kwa usahihi wa kustaajabisha: mvutano wa kawaida wa dunia ni takriban miligali 980,000 (miligali ni kipimo cha ukubwa wa mvutano), na chombo kizuri cha kazi za nje hutambua tofauti ya kiasi cha miligali 0.01, sawa na sehemu moja katika sehemu milioni mia. Penye mwamba mzito chini, usomaji hupanda kidogo. Penye majivu ya volkano au mashapo mepesi, hushuka. Kutokana na safu ya namba hizo, mtaalamu anatakiwa aeleze densiti ya miamba iliyo kilometa moja chini ya miguu yake. Vipimo ni vizuri, sheria ya mvutano inajulikana tangu enzi za Newton, na kompyuta ipo mezani. Lakini akiuandika mlinganyo jinsi ulivyo na kuiamuru kompyuta iutatue, atapata jibu lisilo na maana hata kidogo.

Chanzo cha jibu hilo la ovyo si kompyuta, si programu, wala si uzembe wa aliyepima. Kimo ndani ya mlinganyo wenyewe, na ndiyo maana hakiondoki kwa kununua mashine yenye nguvu zaidi. Kinachowezekana ni kuliacha swali ambalo halina jibu thabiti na kushika swali jirani lililo nalo, huku tukijua wazi ni kitu gani tumekiongeza kutoka nje ili jibu hilo lipatikane.

Tuanze na hali rahisi kuliko zote. Tuseme miamba yenye tofauti ya densiti imejipanga katika tabaka jembamba lililo kwenye kina d, na kwamba tabaka hilo halibadiliki tukielekea kaskazini au kusini, bali hubadilika tu tukienda mashariki au magharibi. Kila utepe mwembamba wa tabaka hilo, ulio mahali t, huchangia mvutano unaosomwa mahali s juu ya ardhi, na mchango huo hupungua kadiri s na t zinavyoachana. Tukiijumlisha michango ya tepe zote tunapata integrali hii:

g(s) = 2G ∫ d / (d² + (s − t)²) · f(t) dt

Hapa g(s) ndicho tulichokipima, f(t) ndicho tunachokitafuta, yaani tungamo la tabaka mahali t, na G ni namba ya mvutano ya Newton isiyobadilika. Kile kilichobaki kati yake, d chini ya d² + (s − t)², huitwa kiini cha mlinganyo. Mlinganyo ambao kisichojulikana chake kimefungiwa ndani ya integrali peke yake huitwa mlinganyo wa Fredholm wa aina ya kwanza, kwa jina la Ivar Fredholm, mwanahisabati wa Uswidi aliyechapisha nadharia yake kuu mwaka 1903. Katika ule wa aina ya pili, kisichojulikana hujitokeza pia nje ya integrali, na tofauti hiyo inayoonekana kuwa ndogo ndiyo inayoamua kila kitu: aina ya pili kwa kawaida hutatulika bila fujo, na ndiyo aliyoishughulikia Fredholm kwa mafanikio makubwa, ilhali aina ya kwanza, kiini chake kikiwa laini, haitulii kamwe.

Sababu yake ni kwamba integrali hulainisha. Tuchukulie kwamba densiti ya tabaka letu hupanda na kushuka kama wimbi lenye urefu λ kutoka kilele hadi kilele. Hesabu inaonyesha kwamba mvutano utakaosomwa juu utakuwa wimbi la urefu uleule, ila kimo chake kitakuwa kimezidishwa kwa e^(−2πd/λ), ambapo e ni namba 2.718 hivi. Tabaka likiwa kwenye kina cha kilometa moja, wimbi la kilometa 10 hufika juu likiwa limebaki na asilimia 53 ya kimo chake. Wimbi la kilometa 2 hubaki na asilimia 4.3. Wimbi la kilometa moja hubaki na chini ya sehemu mbili katika elfu, na wimbi la nusu kilometa hubaki na sehemu tatu na nusu hivi katika milioni.

Tuziweke namba hizo katika miamba halisi. Tabaka lenye unene wa mita 100, ambalo densiti yake hutofautiana kwa gramu 0.3 kwa kila sentimita ya ujazo, lingetoa tofauti ya miligali 1.26 hivi kama lingekuwa limetandazwa bila kubadilika. Likibadilika kama wimbi la kilometa 10, juu ya ardhi tutasoma wimbi la miligali 0.67, ambalo gravimita italiona bila shida. Wimbi la kilometa 2 litatoa miligali 0.054, ambalo bado linaonekana. Wimbi la kilometa moja litatoa miligali 0.0023, nalo limekwisha kuzama ndani ya hitilafu za chombo. La nusu kilometa halifiki hata sehemu moja katika laki mbili za miligali. Mwamba upo, tofauti ipo, lakini habari zake hazikufika juu. Maji yakimwagika hayazoleki, na kompyuta haina namna ya kuyazoa.

Mwaka 1902 Mfaransa Jacques Hadamard aliweka masharti matatu ambayo tatizo la hisabati linapaswa kuyatimiza ili liweze kuhesabiwa kuwa limetengemaa: jibu liwepo, jibu liwe moja tu, na jibu lisibadilike sana pale vipimo vinapobadilika kidogo. Hadamard aliamini kwamba matatizo yanayotokana na maumbile halisi hutimiza masharti hayo, na kwamba yasiyoyatimiza ni michezo ya karatasini. Katika hilo alikosea, na kosa lake lilichelewesha mambo, kwa kuwa kwa miaka mingi watu waliamini kwamba tatizo lisilotengemaa halistahili kushughulikiwa. Mlinganyo wetu wa mvutano ni wa maumbile kabisa, na sharti la tatu unalivunja vibaya sana.

Tazama kinachotokea tukigeuza njia. Ikiwa kushuka kutoka densiti kwenda kwenye vipimo kunapunguza wimbi la kilometa moja mara 535, basi kupanda kutoka vipimo kurudi kwenye densiti kunapaswa kulikuza mara 535. Kama tungekuwa tunakuza wimbi la kweli peke yake, hakungekuwa na tatizo. Lakini ndani ya usomaji wa mtaalamu wetu mna hitilafu ya miligali 0.01 ambayo haina adabu ya kukaa kwenye mawimbi marefu. Imetapakaa katika mawimbi ya kila urefu. Sehemu yake iliyo kwenye wimbi la kilometa moja inaweza kukuzwa hadi miligali 5.4, zaidi ya mara nne ya kile kilichopo kweli. Sehemu iliyo kwenye wimbi la nusu kilometa hukuzwa mara 286,751, na ukiibadilisha kuwa densiti ya tabaka lile la mita 100, unapata miamba inayopishana kati ya gramu 680 chanya na gramu 680 hasi kwa kila sentimita ya ujazo. Dhahabu ina gramu 19.3 tu. Na cha kuudhi zaidi ni kwamba jibu hilo la kichaa, likirudishwa ndani ya mlinganyo, linatoa vipimo vilevile vilivyosomwa, kwa usahihi kamili. Kwa hiyo jibu kuafikiana na vipimo, peke yake, si jambo la kujivunia hata kidogo.

Kompyuta yenyewe haiijui integrali, inajua kujumlisha. Hatua ya kwanza ya kila njia ya kinamba ni kuukata mstari wa t katika vipande vyenye upana h, kuchukulia kwamba f haibadiliki sana ndani ya kipande kimoja, na kuandika jumla mahali pa integrali. Kila kituo cha kupimia hutoa mstari mmoja wa matriksi, yaani jedwali la namba, kila kipande cha ardhi hutoa safu wima moja, na mlinganyo hugeuka kuwa Af = g, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu anajua kulitatua. Zipo njia za kisasa zaidi za kukata, kama ile ya Galerkin ambayo hutumia fanksheni za msingi badala ya vipande, na zina faida zake. Hata hivyo, matriksi iliyo mwaminifu kwa mlinganyo hurithi tabia zake, mbaya zikiwemo.

Hapa ndipo mazoea ya hesabu za kompyuta yanapogeuka kichwa chini. Katika kazi nyingi, gridi ikikatwa vipande vidogo zaidi, jibu huwa bora zaidi. Katika mlinganyo wa aina ya kwanza huwa kinyume. Wimbi fupi kuliko yote linaloweza kubebwa na gridi ya upana h lina urefu wa 2h, kwa hiyo ukuzaji mkubwa kabisa ambao kompyuta italazimika kuufanya ni takriban e^(πd/h). Upana wa kipande ukiwa sawa na kina, ukuzaji ni mara 23 hivi, na mtu anaweza kuishi nao. Ukiwa nusu ya kina, ni mara 535. Ukiwa robo, mara 286,751. Ukiwa sehemu ya nane, mara bilioni 82. Kila tunapougawa upana nusu kwa nusu, namba hiyo hujizidisha yenyewe kwa yenyewe. Ukifika sehemu ya kumi na sita ya kina, yaani vipande vya mita 62 hivi kwa tabaka la kilometa moja, ukuzaji ni namba yenye tarakimu 22, ilhali kompyuta ya kawaida hutunza tarakimu 16 hivi za kila namba. Hapo hata vipimo visivyo na hitilafu yoyote haviokoi kitu, kwa sababu makosa ya kukadiria desimali za mwisho ndani ya mashine yenyewe yanatosha kuharibu jibu lote.

Huenda msomaji akadhani kwamba dawa ni kununua chombo bora. Hesabu haimuungi mkono. Kwa chombo cha miligali 0.01, wimbi fupi kabisa la tabaka letu ambalo bado linajitokeza juu ya hitilafu lina urefu wa kilometa 1.3 hivi. Chombo kilicho sahihi mara kumi zaidi kitatufikisha kwenye mita 880. Chombo kilicho sahihi mara mia kitatufikisha kwenye mita 670. Usahihi umeongezeka mara mia, na tumepata picha iliyo bora kwa mara mbili tu. Kuongeza vituo husaidia zaidi kidogo, kwa kuwa hitilafu zisizohusiana hupunguzana, lakini nako kunakumbana na ukuta uleule.

Ni haki kusema kwamba milinganyo yote ya aina hii haifanani kwa ukali. Mlinganyo ambao Abel aliutatua katika miaka ya 1820, alipokuwa akitafuta umbo la njia kutokana na muda ambao kitu huchukua kuteremka, hukuza hitilafu taratibu sana. Ndivyo ulivyo pia ule wa picha za CT hospitalini, ambao hisabati yake ilichapishwa na Johann Radon mwaka 1917, na ambao Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuufikiria akiwa na kazi katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town mwaka 1956, bila kujua kwamba Radon alikwisha kuutatua. Mwaka 1979 yeye na Godfrey Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel. Katika CT ya ubapa mmoja, ukuzaji huongezeka kwa kipeuo cha pili cha marudio ya wimbi (yaani idadi ya mawimbi katika urefu fulani), si kwa kipeo cha e, na ndiyo maana daktari hupata picha kali ya mfupa wakati mwanajiofizikia hupata ukungu. Mvutano wa ardhi, joto linalorudishwa nyuma katika wakati, na upimaji wa umeme wa ardhini viko upande wa wakali.

Chombo kinachoonyesha ukali huo waziwazi ni mchanganuo wa thamani singula. Wazo lake kwa kweli tumekwisha kulitumia: matriksi yoyote inaweza kuchanganuliwa katika maumbo yanayopita ndani yake bila kuchanganyika, kila umbo likipunguzwa kwa namba yake, σ. Katika mfano wetu, ukiacha athari za kingo za mstari, maumbo hayo ni mawimbi na σ ni ile e^(−2πd/λ), tukiisha kuondoa kizidishi 2πG ili σ kubwa kabisa iwe 1. Golub na Kahan walifungua njia ya kuuhesabu mchanganuo huo kwa uthabiti mwaka 1965, na leo ni amri moja tu katika zana za hesabu za kompyuta kama Octave, MATLAB au Python. Mfaransa mwingine, Émile Picard, alikuwa ameonyesha mwaka 1910 kwamba jibu la mlinganyo wa aina ya kwanza lipo pale tu ambapo sehemu za vipimo hupungua kwa kasi kuliko σ zenyewe. Sharti hilo huonekana kuwa la kinadharia mno mpaka mtu alichore: panga σ kutoka kubwa hadi ndogo, na kando yake uchore ukubwa wa sehemu ya vipimo inayolingana na kila σ. Mwanzoni sehemu hizo hushuka vizuri. Kisha, zikifika kwenye kiwango cha hitilafu, huacha kushuka na kutandaa kama uwanda, huku σ zikiendelea kuporomoka. Kila kilicho upande wa kushoto wa kona hiyo ni habari. Kila kilicho upande wa kulia ni hitilafu inayosubiri kukuzwa. Binafsi sioni sababu ya mtu kutatua mlinganyo wa namna hii kabla hajautazama mchoro huo, kwa kuwa humwambia mapema ni mambo mangapi anayoweza kuyajua. Mara nyingi ni machache, kama nane au kumi, hata kama amepima vituo mia.

Tiba ya wazi ni kukata: tumia σ zilizo kabla ya kona, tupa zilizobaki. Inafanya kazi, na kwa matatizo madogo haina ubaya. Ile iliyoenea zaidi hupunguza polepole badala ya kukata ghafla, na hujulikana kwa jina la Tikhonov.

Andrey Tikhonov, mwanahisabati wa Kisovieti, alikuwa akihusika na utafutaji wa madini, na hilo lilimlazimisha kuyachukulia kwa uzito matatizo ambayo Hadamard aliyadharau. Mwaka 1943 alionyesha kwamba uthabiti hurudi ikiwa majibu yanayokubaliwa yamewekewa mipaka inayofaa, na mwaka 1963 alitoa mbinu kamili ambayo huitwa regularizesheni. Mbinu hiyo haikuwa yake pekee. David Phillips wa maabara ya Argonne, Marekani, alichapisha wazo la jinsi hiyo mwaka 1962 kwa ajili ya milinganyo ya integrali hasa, na Sean Twomey akalirahisisha mwaka uliofuata. Badala ya kudai kwamba Af ilingane na g kabisa, tunatafuta f inayofanya jumla hii iwe ndogo iwezekanavyo:

‖Af − g‖² + α² ‖f‖²

Alama ‖ ‖ humaanisha ukubwa wa kilicho ndani yake. Sehemu ya kwanza hudai uaminifu kwa vipimo, ya pili hukataa majibu makubwa kupita kiasi, na α huamua ni upande upi unasikilizwa zaidi. Kwa lugha ya σ, kila umbo la jibu hupitishwa kwenye kichujio σ²/(σ² + α²). Tuchague α ya 0.01 katika mfano wetu. Wimbi la kilometa 10 litapita karibu lote. Wimbi la kilometa 2 litapita kwa asilimia 95. Wimbi la kilometa moja litapita kwa asilimia 3.4, na la nusu kilometa halitapita kabisa. Wakati huohuo, ukuzaji wa hitilafu, ambao zamani haukuwa na kikomo, sasa hauwezi kuzidi 1/(2α), yaani mara 50, kwa wimbi lolote lile. Hiyo ndiyo biashara yenyewe: tumetoa mawimbi mafupi, tumepokea utulivu.

Jambo moja la utekelezaji linafaa kusemwa hapa kwa sababu huwaponza wengi. Vitabu huandika jibu la Tikhonov kwa kutumia AᵀA + α²I (Aᵀ ni A iliyogeuzwa mistari kuwa safu wima, na I ni matriksi yenye moja kwenye mshazari na sifuri kwingineko), na mwanafunzi huandika hivyohivyo kwenye programu. Kuizidisha A kwa pacha wake aliyegeuzwa huzipandisha σ zote kipeo cha pili, na tarakimu za thamani hupotea kabla ya α kufika kuzilinda. Ni salama zaidi kuipanga matriksi A juu ya matriksi αI, kuupanga vekta g juu ya sifuri, na kulitatua rundo zima kwa njia ya QR, inayoichanganua matriksi katika mbili zilizo rahisi, kama tatizo la kawaida la miraba midogo, yaani la kupunguza jumla ya miraba ya mabaki. Jibu kwa karatasi ni lilelile. Kwa mashine si lilelile.

Kuhusu namna ya kuchagua α kumeandikwa mengi kuliko jambo lolote jingine katika uwanja huu. Kanuni iliyo na msingi imara kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Morozov ya mwaka 1966: usijaribu kulingana na vipimo kuliko vipimo vyenyewe vinavyostahili. Kama vituo ni 100 na kila kimoja kina hitilafu ya miligali 0.01, basi urefu wa vekta ya mabaki, Af − g, unapaswa kuwa karibu na 0.01 mara kipeuo cha pili cha 100, yaani 0.1. Ukiwa mdogo zaidi ya hapo, unaeleza hitilafu kana kwamba ni miamba. Ukiwa mkubwa zaidi, unatupa habari uliyolipia. Ugumu wake ni kwamba lazima ujue ukubwa wa hitilafu, na hilo ni rahisi kwa anayerudia vipimo kwenye kituo kimoja mara kadhaa kwa siku, lakini gumu kwa anayepewa faili la data na mtu mwingine.

Kwa hali hiyo ya pili zimebuniwa kanuni zisizouliza hitilafu. Moja ni uthibitishaji mtambuka wa Golub, Heath na Wahba wa mwaka 1979, ambao hupima jinsi jibu linavyotabiri kipimo kilichoachwa nje. Nyingine ni mchoro wa L, ambao Per Christian Hansen wa Denmark aliupa msingi mwanzoni mwa miaka ya 1990: chora ukubwa wa mabaki dhidi ya ukubwa wa jibu kwa α nyingi, kwa vipimo vya logi, na uchague kona ya herufi inayojitokeza. Zote mbili hufaa mara nyingi. Lakini mwaka 1984 Bakushinskii alithibitisha kwamba hakuna kanuni isiyojua kiwango cha hitilafu inayoweza kuhakikishiwa kufika kwenye jibu la kweli katika kila hali, hitilafu zinapopungua. Kwa hiyo programu inayojichagulia α yenyewe ni msaidizi, wala haipaswi kuachiwa uamuzi.

Matriksi ikiwa kubwa mno, kama ilivyo katika picha au katika modeli za pande tatu zenye vipande milioni, hakuna anayehesabu thamani singula zote. Hapo hutumika njia za kurudiarudia. Ya zamani ni ya Landweber, ya mwaka 1951: anza na sifuri, tazama mabaki, sahihisha jibu kidogo kuelekea upande wa kuyapunguza, kisha rudia. Utulivu wake hutokana na uvivu wake. Baada ya marudio 1,000, wimbi letu la kilometa 2 litakuwa limerejeshwa kwa asilimia 85 hivi, lakini lile la kilometa moja kwa theluthi moja tu ya asilimia. Mawimbi marefu hufika kwanza, na hitilafu za mawimbi mafupi hufika mwisho. Kwa hiyo jibu huanza kwa kukaribia ukweli, na likiachwa liendelee hugeuka na kuukimbia, ingawa mabaki yanaendelea kupungua na skrini inaonyesha kana kwamba mambo yanazidi kuwa mazuri. Idadi ya marudio hapa ndiyo α yenyewe. Njia za haraka zaidi, kama LSQR ya Paige na Saunders ya mwaka 1982, hufanya kwa marudio kumi au ishirini kile ambacho Landweber hukifanya kwa maelfu, na kwa sababu hiyohiyo zinahitaji jicho kali zaidi la kujua wakati wa kusimama.

Hadi hapa tumekuwa tukiongeza habari moja tu kutoka nje, kwamba jibu lisiwe kubwa. Habari hiyo ni ya kinyonge, na mara nyingi tunazo nyingine zilizo bora. Phillips aliadhibu mkunjo wa jibu badala ya ukubwa wake, na hivyo akapendelea majibu yanayobadilika polepole. Tukitafuta tungamo lote la mwamba, badala ya tofauti yake na miamba jirani, tunajua kwamba haliwezi kuwa hasi, na sharti hilo peke yake, ambalo halihitaji α yoyote, huua mawimbi mengi ya uongo kwa kuwa mawimbi hayo hayawezi kuwepo bila mabonde ya hasi. Na palipo na mpasuko, ambapo mwamba mmoja unaishia na mwingine unaanza ghafla, kulainisha ni kosa. Hapo hutumika adhabu ya jumla ya mabadiliko, iliyopendekezwa na Rudin, Osher na Fatemi mwaka 1992 kwa ajili ya kusafisha picha, ambayo huruhusu jibu kuruka mara moja lakini hulikataza kutikisika kila mahali.

Hayo si mambo ya darasani tu. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi tangu mwaka 1981, wataalamu hutumia magnetotelurika, yaani upimaji wa mawimbi ya asili ya umeme na sumaku, ili kutambua miamba inayopitisha umeme juu ya hifadhi za mvuke. Mmoja wa waasisi wa mbinu hiyo, mwaka 1950, ni Tikhonov yuleyule, na Mfaransa Louis Cagniard aliifikia kwa njia yake mwaka 1953. Mlinganyo wake si wa mstari mnyoofu kama wetu wa mvutano, ila ndani yake mna ulainishaji uleule, na programu zinazotafsiri vipimo vyake zina α ndani yake, iwe mtumiaji ameiona au hajaiona.

Kuna mtego mmoja katika kuzijaribu programu hizo. Mtu hutunga ardhi ya kubuni, huipitisha kwenye matriksi A kupata vipimo vya kubuni, kisha huitumia matriksi ileile kuirudisha, na hufurahi kuona picha imerudi nzima. Amejaribu tu kama kompyuta inaweza kutengua alichokifanya yeye mwenyewe. Jaribio la haki hutengeneza vipimo kwa gridi nyingine iliyo ndogo zaidi, huongeza hitilafu za ukubwa unaotarajiwa, na ikiwezekana huliweka tabaka kwenye kina tofauti kidogo na kile ambacho programu imeambiwa.

Kina hicho ni suala lenyewe. Tumekuwa tukichukulia kwamba d inajulikana, lakini vipimo vya mvutano peke yake haviwezi kuitaja: mvutano wowote unaotokana na tabaka la kilometa moja unaweza kuelezwa vilevile na tabaka jingine lililo kwenye kina cha mita 500, lenye densiti iliyolainishwa zaidi. Hilo linavunja sharti la pili la Hadamard, kwamba jibu liwe moja tu, na α hailiponyi, kwa kuwa majibu yote mawili ni tulivu na yote mawili hulingana na vipimo. Ndivyo ilivyo pia kwa umbo la kingo. Mpasuko mmoja, vipimo vilevile, ukitafsiriwa kwa adhabu ya mkunjo hutokea kama mteremko wa kilometa moja na nusu, na ukitafsiriwa kwa adhabu ya jumla ya mabadiliko hutokea kama ukuta uliosimama wima. Hakuna usomaji wa gravimita utakaoamua kati ya picha hizo mbili. Huamuliwa na mawimbi ya tetemeko la kutengenezwa, na kumbukumbu za visima vilivyokwisha kuchimbwa jirani, na mwanajiolojia aliyeupanda ukingo wa bonde na kuuona mpasuko huo ukijitokeza juu ya ardhi.